Shule inamkomboa mtoto au inamziba mdomo?

kaka_wa_shy: Wakuu heshima kwenu. Nina mdogo wangu wa kike yuko fomu wan shule ya kata huku Shinyanga, darasa la saba alikuwa anaongoza na maswali hayamwishi, likizo hii nimefungua madaftari yake noti zimejaa mwandiko safi kabisa, nikamwambia haya nieleze hapa kwenye bayolojia mmesoma nini, kimya. Nikamwambia sema tu kwa Kiswahili, akajibu "mwalimu aliandika ubaoni tukanakili". Halafu wakiongea Kiswahili wanavishwa kibao shingoni, unazunguka nacho mpaka umkamate mwenzako kateleza umvishe yeye. Mtoto amepoa hata nyumbani haongei. Sasa hii ndo elimu ukombozi kweli? Walimu mliomo humu nisaidieni.

binti_msukuma: Pole ndugu yangu ila usithubutu kumtoa. Mimi nikiwa fomu tuu wageni walishafika nyumbani kuongea ng'ombe wa mahari, mkuu wa shule akaja na mtendaji wa kata jioni ile ile wale wazee wakaondoka. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu binti wa miaka 15 kuolewa mzazi akiridhia, Mahakama ya Rufani 2019 ikasema ni kinyume cha katiba, lakini huku kijijini kinachoogopwa ni kuoa mwanafunzi maana tangu 2016 ni miaka 30 jela. Ile sare inamlinda. Wenzangu waliofeli la saba hakuna aliyewatetea.

ticha_wa_kata: Dada umesema kweli, na kaka naye ana haki kulalamika. Nafundisha sekondari, nikiongea Kiingereza darasa zima linaitikia ndiyo kwa pamoja na hakuna aliyeelewa, nikigeuza Kiswahili mikono inapanda wanabishana mpaka kengele inagonga, ila mtihani ni Kiingereza kwahiyo narudi ubaoni wananakili, inaniuma sana. Tume ya Makweta, ile ya rais kuhusu elimu, 1982 ilishapendekeza sekondari tufundishe kwa Kiswahili kuanzia 1985, serikali ikakataa. Na Nyerere kwenye Elimu ya Kujitegemea 1967 alitaka mtoto mwenye akili ya kuhoji, sasa atahoji vipi na kibao shingoni?

mzazi_dar: Ticha hapo sikubaliani na wewe, wenye hela wanapeleka wao inglishi midiamu, huyu wa kata asipokijua Kiingereza ajira ataisikia kwa wenzake.

ticha_wa_kata: Mzee wangu akijue, tena vizuri, afundishwe kama somo na mwalimu anayekimudu. Kumwaibisha mbele ya wenzake hakumfundishi hata sentensi moja, kunamfundisha kunyamaza tu. Kaka, kila jioni akusimulie somo la siku kwa Kiswahili, akishalishika ndo mrudi kwenye noti zake za Kiingereza na kamusi, nimeona watoto wakifufuka hivyo.

kaka_wa_shy: Asanteni sana, leo hii tunaanza. Kuhusu kibao niende shuleni au nisubiri kikao cha wazazi? Naogopa wasije wakamchapa.

ticha_wa_kata: Usisubiri, nenda kwa mkuu wa shule mwenyewe mkaongee ofisini kwa heshima. Na fimbo zina kanuni, hazizidi nne, na anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi. Nenda na mzazi mmoja au wawili wenye watoto hapo shuleni, msikilizwe vizuri.