Naomba ushauri: mama na tiba ya mipigo ya umeme kwenye kongosho

Ndugu zangu, mama yangu ana saratani ya kongosho iliyokumbatia mishipa mikubwa ya damu, hivyo kuikata haiwezekani. Baada ya kemotherapi, daktari ametaja mipigo ya umeme: sindano huchomekwa kuuzunguka uvimbe, kisha mipigo mifupi mno, ya hadi volti 3,000, hutoboa utando wa seli mpaka zife, bila kuziunguza. Mishipa kwa kiasi kikubwa husalimika, na hapo ndipo nilipopata tumaini. Lakini moyo wa mama hudunda bila mpangilio, na mipigo hiyo hutakiwa kuoanishwa na mapigo ya moyo! Aliyeuguza mgonjwa wa namna hii, alifanyiwa vipimo gani kwanza? Tumuulize nini daktari kabla ya kukubali?