Tupeane uzoefu: upasuaji wa kupunguza uzito kwa sisi tunaoishi Nyanda za Juu Kusini

Mwanzisha mada, Uyole, Mbeya

Ndugu zangu, heshima kwenu. Nimeanzisha mada hii kwa sababu watu wanaonijia kuuliza kuhusu upasuaji niliofanyiwa ni wengi, na karibu wote huuliza mambo mawili tu, gharama na kilo nilizopungua, ilhali jambo lililonitesa akili ni namna ya kuishi na tumbo jipya nikiwa Mbeya wakati daktari aliyenipasua yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa. Naomba waliopitia njia hii, waliouguza mtu aliyeipitia, na hata walioifikiria wakaiacha, waeleze yao bila kuficha. Mimi nitatangulia.

Ni mwalimu, mama wa watoto wakubwa. Nilikuwa na kisukari cha aina ya pili na presha, na magoti yalifika mahali pa kunigomea kila nilipotakiwa kusimama vipindi viwili mfululizo. Kupungua kwa kujinyima chakula nilikuwa nakuweza. Kubaki nimepungua ndiko kulikonishinda. Daktari alinieleza kwamba kinachoangaliwa kwanza ni uwiano wa uzito na urefu, yaani kilo za mtu zikigawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Tangu mwaka 1991 kigezo kilichofuatwa sehemu nyingi duniani kilikuwa 40 na kuendelea, au 35 kwa mwenye maradhi yanayoambatana na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu, cha Marekani na cha dunia, vilipendekeza kianzie 35 hata kwa asiye na maradhi mengine, na kwamba mwenye 30 aliye na kisukari cha aina ya pili naye afikiriwe. Nalieleza hili kwa sababu wapo mabinti wanaonifuata wakiwa na kilo kumi tu za kupunguza kabla ya harusi, na jibu langu kwao ni kwamba huduma hii haikuwekwa kwa ajili yao.

Aina niliyoichagua ni ile ya kuondoa takribani robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, ukabaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Hufanywa kwa matundu madogo, mgonjwa akiwa kwenye nusu kaputi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo grelini, hivyo hamu ya kula nayo hushuka, angalau kwa miezi ya mwanzo. Kilichoondolewa hakirudishwi, na hilo ndilo nililolitafakari kwa muda mrefu kuliko hata fedha. Sikupenda wazo la kuwekewa puto ndani ya mfuko wa chakula kwa sababu ni la muda, na njia ya kuunganisha utumbo niliiogopa kwa kuwa inabadilisha namna mwili unavyofyonza virutubisho, ingawa daktari alikiri kwamba kwa kisukari mara nyingi ina nguvu zaidi.

Kabla ya upasuaji niliwekwa kwenye mlo wa wanga kidogo sana kwa wiki kadhaa ili ini linywee, kwa maana ini lenye mafuta hufunika mfuko wa chakula na kumzuia daktari kuona anachokifanya. Kwa mtu aliyekulia Rungwe, kukaa bila ndizi, viazi wala wali wa Kyela ni jaribio ambalo hakuna aliyenipigia makofi kwa kulishinda, lakini nililishinda. Baada ya upasuaji manesi walinisimamisha siku ileile nikatembea wodini, na nilichomwa sindano za kuzuia damu kugandia miguuni. Kwa sababu hiyohiyo nilikataa kupanda basi mapema. Safari ya kukaa kitini kutwa nzima kupitia Mikumi na Kitonga si ya mtu mwenye kidonda kibichi, kwa hiyo nilikaa kwa dada yangu hadi daktari aliporidhika, kisha nikarudi kwa ndege hadi Songwe. Mwenye kupanga bajeti aiweke nauli hiyo na gharama ya kuishi Dar ndani ya hesabu tangu mwanzo.

Chakula kilirudi kwa hatua: maji na supu iliyochujwa, halafu maziwa na mtindi, kisha vyakula vilivyopondwa, na kwenye wiki ya sita hadi ya nane ndipo vigumu vikaanza kuruhusiwa. Nilielekezwa nitafute gramu 60 za protini kwa siku na zaidi, jambo ambalo kwa tumbo linaloshiba vijiko vichache ni kazi ya kutwa nzima. Uji peke yake hauwezi kuifanya kazi hiyo. Nilichokigundua ni kwamba maziwa ya Rungwe, mayai, maharage yaliyopondwa vizuri na usipa wa Ziwa Nyasa uliosagwa vilinitosheleza bila kuhitaji makopo ya unga wa protini yanayouzwa kwa bei ya kutisha. Chakula na maji haviendi pamoja. Husubiri karibu nusu saa baada ya kula ndipo ninywe.

Pagumu kuliko pote ni msibani. Kwetu kukataa sahani uliyotengewa na wafiwa ni kama kuwakataa wenyewe, na huwezi kumsimulia kila mama anayepakua habari za mfuko wako wa chakula. Nilichofanya ni kumweleza shangazi mmoja anayeheshimika katika ukoo, naye akawa ananitengea kisahani kidogo cha maharage na kuwanyamazisha wengine. Mwenye shangazi wa namna hiyo na amtumie.

Mchangiaji, Njombe mjini

Kamwene, Mwalimu. Mimi ni mume wa aliyepasuliwa. Mke wangu alifanyiwa ile njia ya kuunganisha utumbo, ambapo hutengenezwa kifuko kidogo sana juu ya mfuko wa chakula kisha kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivyo chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo.

Nitaanza na lile ambalo hospitali haikutuandaa nalo, nalo ni maneno ya watu. Mkoa wetu ndio unaoongoza nchini kwa kiwango cha maambukizi ya VVU, na kila mtu hapa ana ndugu aliyemwona akikonda kabla dawa hazijasambaa. Mwanamke mnene akianza kupungua haraka, majirani hawafikirii upasuaji. Mke wangu aliulizwa kanisani kama ameshaanza dozi, na aliyeuliza alikuwa na nia njema kabisa. Mimi nilitaka tutangaze ukweli ili yaishe; yeye alikataa, akasema mwili ni wake na hadaiwi maelezo na mtu yeyote, tena kuharakisha kujisafisha kungekuwa kama kukubali kwamba wanaoishi na virusi wana la kuwaonea aibu. Nilinyamaza, na bado nadhani alikuwa sahihi kuliko mimi.

Kuhusu mwili wenyewe, zingatieni vitu vitamu. Akinywa togwa lenye sukari nyingi au soda, chakula hushuka upesi mno kwenye utumbo, naye hutokwa jasho, moyo ukamwenda mbio, tumbo likamsokota hadi alale chini. La pili ni dawa za maumivu. Duka la dawa karibu na kwetu lilitaka kumpa diklofenaki kwa ajili ya mgongo, na bahati nzuri alikuwa ameandikiwa karatasini kwamba dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, zinaweza kumletea kidonda pale palipounganishwa. Anatumia parasetamo. La tatu, vidonge vya madini na vitamini, hasa B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D, ni vya maisha yote. Sisi tumeviweka katika hesabu za nyumbani pamoja na umeme na ada.

Mchangiaji, Iringa, Kihesa

Mimi nilichagua puto, niliwekewa hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam. Halihitaji kisu, hushushwa kupitia mdomoni kwa endoskopia, yaani mrija wenye kamera, likiwa limekunjwa, kisha likajazwa maji yenye rangi ya buluu, ili likipasuka mkojo ubadilike rangi na mwenyewe ujue. Hutolewa baada ya miezi kadhaa, langu lilikuwa la miezi sita. Siku za mwanzo nilitapika kiasi cha kujuta kuzaliwa, kisha mwili ukazoea. Nilipungua vya kutosha magoti yakapumua. Lilipotolewa, sehemu ya uzito imerudi, si wote. Sina lawama, kwa sababu nililitaka kama msaada wa kuanzia. Anayetegemea puto lifanye kazi ya upasuaji atavunjika moyo.

Nyongeza kwa wenzangu wa Iringa: jirani yangu aliyepasuliwa anasema bilauri ya ulanzi iliyokuwa haimfanyi kitu sasa inamlewesha papo hapo. Msimu wa mvua, ulanzi unapokuwa mwingi, tuwahurumie watu hawa, tusiwalazimishe.

Mchangiaji, nesi, Mafinga

Naomba niongezee la kitaalamu. Hatari ya kufa kwa upasuaji huu ni ndogo, hulinganishwa na ya kutoa kifuko cha nyongo, lakini matatizo yapo na sisi wa mikoani tunakutana nayo mgonjwa akiwa amesharudi nyumbani. Homa, mapigo ya moyo yanayokwenda mbio hata ukiwa umelala, maumivu ya tumbo yanayozidi, au maumivu ya bega la kushoto katika wiki za mwanzo vinaweza kumaanisha kwamba mshono unavuja. Mguu mmoja kuvimba au kukosa pumzi ghafla huenda ni damu iliyoganda. Usisubiri kumpata daktari wako wa Dar kwenye simu. Nenda hospitali kubwa iliyo karibu ukiwa na karatasi inayoeleza ulifanyiwa aina gani, lini, na namba ya aliyekupasua, kwa sababu daktari wa zamu asiyejua tumbo lako lilivyobadilishwa atapoteza muda. Anayetapika mfululizo kwa siku kadhaa naye aje, maana upungufu wa vitamini B1 huharibu mishipa ya fahamu upesi.

Kina mama, uzazi hurejea haraka uzito ukishuka, hata kwa waliokuwa hawapati hedhi vizuri. Inashauriwa kusubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya kushika mimba. Kwa aliyeunganishwa utumbo, vidonge vya majira haviaminiki sana, hivyo azungumze na kliniki kuhusu kipandikizi au kitanzi.

Mchangiaji, Tukuyu

Hayo ya uzazi ndiyo yaliyonifanya niahirishe. Nataka mtoto kwanza. Asante, dada nesi.

Mchangiaji, Makambako

Mwalimu, shikamoo. Mimi nina miadi ya kuonana na daktari mwezi ujao. Naomba kujua kuhusu nywele, na kama dawa za kisukari uliziacha.

Mwanzisha mada

Marahaba, mwanangu. Nywele zilikatika kuanzia mwezi wa tatu, nikafunga vilemba hadi zilipoota tena. Huo ni mshtuko wa mwili kupungua haraka, na upungufu wa protini au madini ya chuma huuzidisha. Ngozi ya mikono na tumbo imelegea na haitarudi kwa mazoezi.

Dawa za kisukari zilipunguzwa mapema sana, kilo nyingi zikiwa bado hazijaondoka, na ya presha ikafuata. Usijipunguzie mwenyewe, lakini pia usiondoke Dar bila kuandikiwa dozi mpya, kwa sababu dozi ya zamani juu ya chakula kidogo inaweza kukushushia sukari hadi uzimie, hasa kwa anayechoma insulini. Muulize daktari huyo mambo mawili kabla ya kuzungumzia bei: nani atakuona akiwa hayupo, na vipimo vyako vya damu vya kila baada ya miezi michache vitachukuliwa wapi huku kwetu. Mimi wangu alinijibu kwa kumpigia mwenzake wa Mbeya nikiwa nimekaa mbele yake.