Breki za milioni 4.5, hendibreki ni jiwe

Wakuu, uzi huu si wa kuomba ushauri. Ni wa kulaumu, na mwenye gereji akiusoma asome mpaka mwisho.

Nina Impreza WRX ya 2004. Gari la mbio, kupaa linajua. Kusimama ndiko nilikotaka kuongezea nguvu. Nikataka Brembo, yaani breki za kampuni ya Brembo, zile za STI, toleo kali zaidi la Impreza, mbele na nyuma. Si kwa ajili ya jina lililoandikwa juu yake. Kalipa ya mbele, chuma kinachobana pedi kwenye diski, ina pistoni 4 na diski yake ni ya milimita 326, na diski kubwa hubeba joto jingi kabla breki hazijaanza kulegea. Aliyewahi kushuka Kabale kwenda Kisoro, au Fort Portal kwenda Bundibugyo, mguu hauondoki kwenye breki na pedi zinanukia mpaka ndani ya gari, hahitaji kuelezwa.

Gereji yenyewe siitaji. Iko hapa hapa Kampala na kila siku inarusha picha za magari yanayong'aa. "Kazi ndogo hiyo, bosi." Seti mtumba kutoka Japani, milioni 4.5 pamoja na kufunga. Nikalipa.

Balaa la kwanza: diski za mbele zikagoma kuingia kwenye stadi, zile bolti za gurudumu. STI za kuanzia toleo la 2005 zina matundu 5 kwenye duara la milimita 114.3, lakini yangu na STI za kabla ya hapo ni duara la 100. Jambo hili hata kijana anayeuza rimu mtumba kando ya barabara analijua. Unajua fundi alisema nini? Zipelekwe kwa mtu wa mashine atoboe matundu mengine! Atoboe diski ya breki! Nilipokataa, wakaleta za duara la 100, wakanidai nyongeza, eti mimi ni mteja msumbufu.

Rimu zangu zilikuwa za inchi 16. Brembo hizi zinataka 17 kwenda juu. Niliambiwa lini hilo? Gari likiwa limeshanyanyuliwa na kalipa zimeshafungwa. Na kwa bahati ya ajabu kabisa, seti ya 17 ilikuwepo hapo hapo ndani, ya kuuzwa. Haya.

Sasa njooni kwenye lililonifanya nishike simu niandike. Nakanyaga pedali, inazama. Napiga mara mbili tatu, inapanda kidogo, halafu inazama tena. Huo ni upepo, haina mjadala: mafuta ya breki hayabonyei, upepo ndio unaobonyea. Fundi ananijibu, "Zitajikaza zenyewe ukiendesha." Zitajikaza zenyewe! Nikainama nikachungulia. Kalipa ya kushoto iko kulia, ya kulia iko kushoto, na nipeli za kutolea upepo zinatazama chini. Hewa hupanda juu. Nipeli ikiwa chini, utamwaga chupa nzima ya mafuta na upepo utabaki juu umetulia. Tena kalipa hizi zina nipeli mbili kila moja, ya nje na ya ndani. Ya ndani hata spana haikuigusa, vumbi lake la Japani bado liko.

Mafuta nayo yalitoka kwenye chupa isiyo na lebo, imezibwa kwa kitambaa. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230. Yakishanyonya unyevu, kiwango kinaruhusiwa kushuka mpaka 155. Yakichemka yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea kama upepo. Chupa ya kitambaa, katika jiji la mvua kama hili, mezani tangu lini?

Kitu kimoja walikifanya kwa moyo wote: rangi. Kalipa zilikuwa na rangi yake ya dhahabu, wao wakazipaka nyekundu, wakapaka mpaka mipira ya kuzuia vumbi kwenye pistoni. Picha zikarushwa jioni ile ile.

Nyuma ndiyo aibu kamili. Diski ya nyuma ya STI ina dramu ya hendibreki ndani yake, kipenyo milimita 190. Viatu vya hendibreki vya WRX, vile vinavyotanuka kubana dramu, ni vya dramu ya 170. Havifiki! Unavuta mkono mpaka mwisho na gari linajiendea. Mimi naishi Naguru, wakuu, mlimani. Kila nikiegesha nashuka na jiwe. Dawa ipo, diski za 316 zilizotengenezwa na dramu ya 170, au ubadilishe mfumo mzima wa hendibreki. Muuzaji wa kweli angeniambia kabla ya kupokea hela.

Nikarudi kwao. Mwenye gereji: "Ssebo, ulitaka Brembo, Brembo umepata." Hela hairudi, kazi imeshafanyika.

Mzee mmoja fundi, gereji yake haina hata kibao, amezirudisha kalipa upande wake, ametia mafuta yaliyofunguliwa mbele ya macho yangu, ametoa upepo nipeli zote. Pedali sasa ni ngumu, gari linasimama vizuri. Hakuimba wala hakupiga picha. Kwa hiyo msiniambie Brembo ndizo mbaya.

Mwenye kujua nani anauza hizo diski za nyuma hapa mjini aandike bei. Wale wa "ungeagiza mwenyewe Japani" piteni tu.

Na wewe mwenye gereji: nyongeza ya diski naifuata nirudishiwe, ya rimu tutaongea. Halafu kalipa zangu za zamani, ulizosema ni "vyuma chakavu vya gereji", ni mali yangu. Kama umeshaziuza, taja umeuza kwa bei gani, na hela hiyo niikute.