Nini husababisha homoni ya ukuaji kuzidi kwa mtu mzima?

Binti wa Nyalenda, Kisumu
Hamjambo. Mama yangu ana miaka 51. Pete yake ya ndoa ilikataa kuvuka kifundo cha kidole mpaka sonara akaikata, na viatu vyake vimetoka namba 39 hadi 42. Daktari amesema ni akromegali, yaani homoni ya ukuaji imezidi, lakini hakutueleza chanzo. Majirani wanalaumu sindano za kupanga uzazi alizodungwa zamani. Naomba mwenye ujuzi anifafanulie.

Muuguzi wa Nakuru
Poleni sana, dada. Sindano hizo hazihusiki, wala chakula. Karibu kila mara chanzo ni uvimbe katika pituitari, tezi ndogo kama punje ya njegere iliyo chini ya ubongo, nyuma ya pua. Seli moja hupata hitilafu katika jeni zake, hugawanyika bila kukoma, na zote zinazotokana nayo humwaga homoni hata mwili usipoihitaji. Homoni hiyo huliamrisha ini litoe nyingine iitwayo IGF-1, ambayo ndiyo hasa hupanua mikono, miguu, taya na hata ulimi. Uvimbe wenyewe kwa kawaida si saratani, na mara nyingi hutolewa kwa upasuaji kupitia puani. Nimewaona wagonjwa wakitibiwa kisukari na shinikizo la damu, ambavyo ugonjwa huu huweza kuvileta, kwa miaka mingi bila mtu kuwatazama mikono, na jambo hilo huniuma.

Mkaazi wa Kakamega
Niongeze kwamba, mara chache mno, uvimbe huwa kwenye kongosho au pafu, ukitoa kichocheo kinachoisukuma pituitari ifanye kazi kupita kiasi.

Binti wa Nyalenda, Kisumu
Nashukuru. Je, unarithiwa? Mdogo wangu wa kiume ana miaka 16 na amewapita wenzake wote kwa kimo.

Muuguzi wa Nakuru
Mara nyingi haurithiwi, kwa kuwa hitilafu hiyo imo ndani ya uvimbe pekee. Zipo familia chache ambamo jeni yenye kasoro, kama ile ya AIP au MEN1, hupita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Kijana mwenye ugonjwa huu ambaye mifupa yake bado inarefuka huzidi kimo kabla ya kupanuka, ingawa urefu peke yake si ugonjwa, hasa ikiwa baba naye ni mrefu. Hata hivyo, kwa kuwa mama anaugua, mwelezeni daktari habari za kijana huyo ili apimwe IGF-1. Siku hiyo mbebe na kitambulisho cha zamani cha mama, daktari ailinganishe sura ile na ya sasa.