Mrejesho: beringi iliyokuwa ikizunguka juu ya shafti

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini beringi 6205 (namba ya saizi yake) ya mashine yangu ya kusaga inalegea na kuzunguka juu ya shafti kila baada ya siku chache, hata fundi alipoitoboa shafti vidoti kwa senta panchi ili iume.

Mlionishauri nipime shafti kwa maikromita, kifaa cha kupima unene kwa usahihi kuliko kalipa ya kawaida, Mungu awabariki. Kalipa ilisoma milimita 25 kamili. Maikromita ikasoma 24.96. Tundu la beringi hiyo ni milimita 25, na kiwandani huruhusiwa kupungua hadi 24.99, kamwe si kuzidi. Shafti ilikuwa inaelea tu.

Nimekerezesha shafti mpya kwa k6, kiwango cha vipimo cha shafti ya kukaza beringi, yaani kwa saizi hii kati ya 25.002 na 25.015. Imetoka 25.01. Nilimsihi mkerezaji asiache matuta ya kisu, maana beringi ikiingia huyalaza na kipimo kinapungua. Akapitisha mkato mwembamba wa mwisho, polepole. Ukipitisha kucha haikwami. Beringi tukaipasha kwenye oili hadi kama nyuzi 90 ipanuke, ikateleza bila nyundo.

Leo wiki ya tatu. Jana nimefungua: mstari wa kalamu niliochora kutoka shafti hadi pete ya ndani ya beringi bado umenyooka, yaani beringi haizunguki tena juu ya shafti.