Usa River, Ngaramtoni au Kisongo: wapi pa kuishi ukiwa unafanya kazi mjini Arusha?

Mwanasekei
Habari za jioni wakuu. Mwenye nyumba wangu hapa Sekei kapandisha kodi tena, na safari hii anataka ya miezi sita mkononi. Tumekaa na mama watoto tukaona bora tutoke nje ya mji. Ofisi yangu iko jirani na Mnara wa Saa, naingia saa mbili kamili. Yeye ana cherehani yake karibu na soko la Kilombero. Watoto wawili, mkubwa yuko darasa la pili, mdogo ana miaka mitatu. Gari hatuna, na mwaka huu hatutakuwa nalo.

Tumezungukia sehemu tatu. Usa River kuna nyumba nzima yenye uwanja na migomba nyuma. Ngaramtoni ni vyumba viwili na sebule, geti moja na wapangaji wengine watatu. Kisongo ni nyumba mpya kabisa, bei ya chini kuliko zote, ila iko "ndani kidogo" kutoka lami. Hayo ni maneno ya dalali. Mimi nilitembea nikahesabu dakika ishirini na tano.

Moyo wangu uko Usa kwa sababu ya ule uwanja. Nipeni hali halisi, hasa nyie mnaotoka na kurudi kila siku.

mama_leganga
Karibu Usa kaka yangu. Huu ni mwaka wa sita niko huku na sijutii, ila sitakudanganya.

Ile barabara ya njia nne inaanzia Sakina inaishia Tengeru, kilomita 14 basi. Kutoka Usa mpaka Tengeru mnabanana njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, nyie na mabasi ya Moshi na Dar na malori yanayotoka Holili. Lori likizimika pale Makumira, siku hiyo umechelewa, hakuna cha kujieleza. Mimi saa kumi na moja na nusu nimeshasimama barabarani.

Lakini asubuhi ina nafuu. Shughuli ni jioni. Konda anaita "Usa Usa Usa", mnajaa mpaka mlangoni, mkifika Tengeru anagonga bati: "Mwisho hapa, tunageuza." Wamekata ruti. Unashuka na mfuko wako wa nyanya unaanza kugombania gari lingine gizani, na nauli ya pili inakusubiri. Siku hizi kabla sijapanda nasoma ubavuni gari limeandikwa wapi, halafu silipi mpaka tumeipita Tengeru. Konda atanung'unika, mwache anung'unike.

Jumatano na Jumamosi ndiyo usiseme, ni siku za soko Tengeru. Mikungu ya ndizi inakaa kwenye viti, watu wanasimama. Faida yake, chakula ni cha bure ukilinganisha na huko mjini.

Chalii wa Mianzini
Kisongo vumbi mkuu. Shati jeupe la Jumatatu, Jumanne limekuwa kaki.

Nje ya Lami
Chalii, umewahi kulala Kisongo hata siku moja, au unapita tu ukienda uwanja wa ndege kupokea wageni?

Mwanasekei, mimi naishi huko. Vumbi lipo, kiangazi upepo unalileta mpaka kwenye sufuria. Lakini kinachokula hela siyo vumbi, ni zile dakika zako ishirini na tano. Kiangazi utatembea, tena utaona ni mazoezi. Masika yakianza Machi, udongo ule unashika mguu kama unakudai. Mimi buti langu la mpira linalala kwenye genge la mama mmoja pale lami. Asubuhi natoka nyumbani na buti, viatu vya ofisini kwenye mfuko wa rambo. Nafika gengeni namwaga maji mguuni, nabadilisha, namwachia buti. Jioni nanunua kwake mchicha hata kama nyumbani upo, maana ndiyo kodi ya buti.

Mke wangu alikataa habari za buti, akachagua bodaboda. Sasa piga hesabu. Asubuhi elfu moja, usiku kwa sababu ya giza elfu mbili. Siku 26 za kazi ni 78,000. Na nyie mko wawili, saa za kurudi haziwezi kulingana kila siku. Ukifika 156,000 kwa mwezi, ile nafuu ya kodi umempa kijana wa pikipiki. Nilipohamia niliangalia kodi tu. Hakuna aliyeniambia niulize ni kiasi gani kutoka lami mpaka getini.

Na jioni mahesabu yote yanaanzia kwenye foleni ya Mbauda, njiani kuja Kisongo. Ukiivuka Mbauda, umefika.

Fundi Tanki
Wote mnazungumzia magari, mwenzenu ana mtoto wa miaka mitatu. Mimi kazi yangu ni kufunga matanki na mabomba, niko kwenye nyumba za watu kila siku.

Kaka, kabla hujaweka hela Usa, uliza maji ya kunywa yanatoka wapi. Miamba ya Mlima Meru ni ya volkano, na maji ya visima na mito ya upande ule mengi yana madini ya floraidi. Kiwango salama ni miligramu 1.5 kwa lita, huko kuna vyanzo vinavyozidi hapo mara kadhaa. Ndiyo yale meno ya kahawia unayoyaona kwa watu waliokulia huku. Madini hayo yakizidi sana na kwa miaka mingi yanashika mpaka mifupa. Mtu mzima ambaye meno yake yameshaota hayabadiliki rangi, lakini mtoto wa miaka mitatu meno yake ya ukubwani ndiyo kwanza yanajitengeneza ndani ya ufizi.

Na msichemshe mkadhani mmemaliza. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi inabaki pale pale, tena maji yakipungua kwa mvuke yenyewe inazidi ukali. Chujio la mkaa wa mifupa linasaidia, mradi mkaa ubadilishwe kwa wakati. La sivyo kinga maji ya mvua, weka tanki, hayo ya mvua ndiyo wanywe watoto.

Hata Ngaramtoni na Kisongo uliza, usidhani kule uko salama. Chanzo na chanzo vinatofautiana.

mama_leganga
Fundi amesema kweli, na mimi nilipaswa kuanza na hilo. Mwanangu wa kwanza meno yake yana madoa, tulipohamia hatukujua. Huyu wa pili anakunywa maji ya mvua tu, kiangazi nanunua madumu. Iongeze kwenye bajeti.

Dalali Mstaafu
Mbona hamjamtajia Muriet na Olmoti? Ni ndani ya jiji, na uwanja wa AFCON 2027 uko kule kule. Akichelewa atakuta bei haishikiki. Kuna vyumba viwili naweza kumwonyesha kesho.

Chalii wa Mianzini
Umestaafu lini sasa?

Olmotonyi Juu
Nimesoma wote. Mimi ni wa Ngaramtoni, nimezaliwa huku, kwa hiyo nichujieni.

Jambo la kwanza ni kiti. Magari mengi yanaanzia kwetu, ukifika saa kumi na mbili unakaa, unasinzia mpaka mjini. Usa unapata kiti kwa bahati. Foleni yetu iko Sakina, na ikikubana angalau umekaa. Jioni kifodi (daladala) cha Ngaramtoni nacho hukata ruti, ila si kama Tengeru, maana ukishaipita Sakina abiria wengi waliobaki ni wa huku huku.

Pili, baridi. Juni na Julai watu wa Sekei mtadhani mmehamia nchi nyingine. Ukungu mpaka saa nne, nguo hazikauki siku mbili. Mtoto wa miaka mitatu atakohoa, nunua masweta mapema.

Siku za soko ni Alhamisi na Jumapili. Alhamisi jioni stendi haipitiki, ng'ombe, mbuzi, mahindi, akina yeyo (akina mama wa Kimaasai) na mitumba. Siku hiyo mimi narudi mapema au nachelewa makusudi.

Kubwa zaidi ni hilo geti moja. Nyumba nzima ya Usa ni nzuri, lakini mtoto wa darasa la pili akitoka shule saa tisa na nyie mko mjini mpaka saa moja, nani yuko nyumbani? Kwenye geti la wapangaji wanne kuna mama fulani yupo siku zote. Mtagombana kuhusu bili ya umeme na zamu ya kufagia, ila mtoto atakuwa ameshakula.

Nje ya Lami
Hiyo ya mwisho sikuifikiria. Na sisi tumemleta dada wa kazi kwa sababu hiyo hiyo, mshahara wake sikuuweka kwenye hesabu hapo juu.

Mwanasekei
Ahsanteni sana wakuu, na mama_leganga ahsante kwa ukweli wa meno.

Nimewasikiliza. Jana Alhamisi, makusudi siku ya soko, nilitoka kazini saa kumi na moja na nusu nikaenda Ngaramtoni kama mkazi. Nilifika getini saa moja kasoro dakika tano, nikiwa nimepakatana na jogoo wa mzee mmoja toka Sakina. Kutoka lami mpaka mlangoni ni dakika saba, nimehesabu mwenyewe. Leo saa kumi na mbili asubuhi nimerudi tena, nimepata kiti cha dirishani.

Nikampelekea mama watoto ripoti yote, na ya jogoo. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza bomba la pale linatoa maji siku zipi, na tanki ni la lita ngapi kwa wapangaji wanne. Sikuwa na jibu. Jumapili tunaenda wote. Fundi Tanki, kama una nafasi nitumie ujumbe, nauli yako juu yangu.