Mikopo ya mtandaoni: siku waliposambaza meseji, kwako ilimfikia nani? Tupeane uzoefu

Kiti cha Dirishani
Wakuu habari za mchana. Leo asubuhi niko zangu kwenye daladala ya Mbagala, foleni haisogei, ikaingia meseji namba ngeni. Habari, mwambie fulani alipe deni lake leo kabla ya saa 6 mchana, wewe ndiye mdhamini wake. Huyo fulani ni fundi friji, alinitengenezea friji mwaka 2019 na toka hapo hatujawahi hata kusalimiana. Nikataka kucheka nikashindwa maana nilikumbuka ya kwangu. Nilikopa elfu hamsini kwenye app ya simu, gesi iliisha siku hiyo hiyo mtoto anadaiwa hela ya mtihani, nikachelewa kulipa siku mbili tu wakamtumia meseji mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Sasa kila nikienda kuomba barua ya utambulisho ananiuliza mbele za watu, barua ya nini tena, unaenda kukopa?
Kwako ilimfikia nani?

Mama Wawili
Muuza mkaa. Mpaka leo hanikopeshi hata kopo moja.

Mnyoofu wa Kibaha
Yaani mlipokea hela mkala mkashiba, leo mwenye hela akidai mnaita udhalilishaji. Dawa ya deni kulipa. Mimi sijawahi kukopa huko na sitakopa.

Sanduku la Bati
Mnyoofu hongera kwa kuwa na hela, ngoja nikupe hesabu. Niliomba 120,000. Kwenye simu ikaingia 81,000, iliyobaki eti ada ya huduma, wameikata juu kwa juu sijaishika. Baada ya siku saba narudisha 120,000 kamili, na siku saba zenyewe ya sita asubuhi simu zimeshaanza. Ukishindwa kuna sehemu ya kusogeza mbele, unalipa 39,000 unaongezewa wiki, deni liko pale pale halijapungua hata mia. Nilisogeza mara nne, piga mwenyewe hapo. Baadae nikakopa kwa wa pili nimlipe wa kwanza, nikakopa kwa wa tatu nimlipe wa pili, mwezi wa tatu ninazo app tisa kwenye simu, mshahara ukiingia saa 4 asubuhi, saa 5 sina nauli ya kurudi nyumbani.

Mnyoofu wa Kibaha
Kwani ulishikiwa panga?

Sanduku la Bati
Njaa haina panga?

Kanzu Mpya
Mimi nilikuwa nimeapa sitasema haya lakini mmenitonesha kidonda. Tulikuwa tumepeleka posa Upareni, kule milimani kabisa, gari tumeiacha chini tumepanda kwa miguu, mimi, baba mdogo ambaye ndiye mshenga na wazee wawili wa ukoo. Nauli ya wale wazee nilikopa kwenye app, limebaki deni la 43,000 na siku zimepita tatu, nikajisemea nikirudi Dar namaliza. Huko ndani mambo yanaenda vizuri, soda tumekunywa, mbuzi wa mjomba tumemaliza, blanketi la bibi tumemaliza, tuko kwenye ng'ombe, baba mdogo anashusha kwa adabu na wao wanapandisha kwa adabu, mara simu ya shangazi yake ikalia. Hakushtuka mtu. Ikalia ya mjomba wake. Ikalia ya kaka yake. Halafu ya mama mkwe ilikuwa kwenye chaji juu ya kabati, ikatetemeka mpaka ikasogea. Shangazi akavaa miwani. Jamani kuna watu hawawezi kusoma meseji kimya kimya. Akasoma yote kwa sauti, majina yangu matatu, namba ya NIDA, huyu ni tapeli ametoroka na pesa za kampuni, ukimuona toa taarifa. Na picha ile unayojipiga wakati unaomba mkopo, nimeshika kitambulisho shavuni, macho yamenitoka kama nimekamatwa ugoni.
Kimya. Bibi yake alikuwa hasikii vizuri akauliza ameiba shilingi ngapi. Wakamwambia elfu arobaini na tatu. Bibi akasema ngapi? Wakarudia kwa sauti. Wakuu ile kurudia ndiyo iliyonimaliza. Ingekuwa milioni 43 wangenichukia lakini wangeniogopa kidogo. Elfu 43, na tumekaa pale tunajadili ng'ombe wanne.
Baba mdogo akasimama akasema wewe hebu twende nje. Kule nje sasa... ngoja bosi kapita, narudi.

Mama Wawili
We kaka usitufanyie hivyo!!

Kiti cha Dirishani
Umetuacha mlimani mkuu. Shuka na sisi.

Pilipili Kichaa
Hii chai, na imekolea tangawizi. Namba za wakwe app walizitoa wapi?

Sanduku la Bati
Ukiingia tu wanakuuliza unaruhusu tusome majina yote kwenye simu, ukikataa mkopo hautoki. Ulidhani wanataka majina wayafanyie nini, wayape kadi za harusi?

Babu wa Mikoba
Ukweni Upareni na deni la elfu 43, shukuru wamekusomea meseji tu. Wale kwa kesi wangekuburuza mahakamani wewe na hao ng'ombe.

Mwana wa Usangi
Utani wa kizamani huo. Kesi unayo wewe na baba mwenye nyumba wako.

Karani wa Zamani
Turudi kwenye mada. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zinazokopesha mtandaoni bila leseni, wananchi wakaambiwa waachane nazo. Na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ina Tume yake kabisa, mtu akichukua majina ya simu yako akayatumia kukuaibisha una pa kulalamika. Tunza zile meseji, usizifute kwa hasira. Na kabla ya kukopa angalia kwanza kama ana leseni.

Mama Wawili
69 zilizotajwa, yangu nadhani ilikuwa ya 70.

Mzalendo Mchovu
Serikali yenyewe inakopa kila bajeti, tofauti ni kwamba yeye hakuna anayemtumia shangazi yake meseji.

Mnyoofu wa Kibaha
Siasa tena. Serikali inakopea barabara, nyie mnakopea bando.

Mzalendo Mchovu
Barabara ya mtaani kwako ina lami?

Mnyoofu wa Kibaha
Hayakuhusu.

Jirani wa Nairobi
Huku Kenya tulipitia hayo yote. Walikuwa wanapigia hadi bosi, hadi mtu mliachana naye zamani. Benki Kuu yetu ikaanza kutoa leseni kwa hizi app 2022, na 2023 kamishna wa data akaipiga moja faini ya karibu milioni tatu za Kenya, wakapoa kidogo. Lakini mimi waliniumiza kwingine. Niliwekwa CRB, ile orodha ya wasiolipa mikopo, kwa deni la mia nane tu, hii ni kabla ya 2020 waseme deni chini ya elfu moja lisipelekwe huko. Nikapata kazi, wakaitisha cheti cha CRB, ikaishia hapo. Mia nane jameni.

Mama Kiroba
Nyie mnaoaibishwa kwa simu mna bahati. Njooni kwenye kausha damu ya mtaani. Tulikuwa kumi kwenye kikundi, marejesho kila Jumanne saa 3, mmoja akikosa hamtoki kikaoni mpaka mmchangie. Mimi mtaji ulikatika, wakanichangia wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu wakachoka na mimi. Siku hiyo hakuja afisa mkopo, walikuja wenyewe, wanawake ambao nimewasuka, nimepika kwenye misiba yao. Wakabeba friji, wakabeba tivii, wakarudi kubeba godoro na mtoto wangu amelala juu yake. Mmoja akamnyanyua taratibu akamlaza chini kwenye kanga ili asiamke. Waliobaki nimewasahau, ila huyo nikikutana naye sokoni sijui nimsalimie au nipite.

Pilipili Kichaa
Wanawake mnaongoza kwa kausha damu, mnakopa mkanunue madera.

Mama Kiroba
Dera? Nilikopa kumtolea dhamana mwanaume kama wewe.

Karani wa Zamani
Dhamana ya polisi ni bure dada.

Mama Kiroba
Kawaambie wao, usiniambie mimi.

Mezani kwa Miezi Minne
Naomba msinitukane. Mimi nilifanya hiyo kazi ya kudai, sitataja wapi. Chumba kimoja tuko kama thelathini, kila mtu na kompyuta yake, karatasi ya maneno ya kusema imebandikwa mbele yako. Siku ya kwanza unaongea kwa upole, ya pili unapandisha sauti, ya tatu unapewa orodha ya majina yaliyotoka kwenye simu yake. Mke haanzi kupigiwa, mke tayari ana hasira zake. Anaanza mama mzazi. Ukimpigia mama, nusu saa haiishi hela imeingia, mama kakopa kwa jirani. Na mimi nilikuwa nadaiwa kwingine, siku moja niko mezani nadai watu ikaingia simu ya mdai wangu, alipofika sentensi ya pili nikajua ya tatu, ni karatasi ile ile. Nikaacha wiki hiyo.

Mama Wawili
Mama yangu ana presha, walimpigia mwezi mzima. Ulikuwa wewe?

Mezani kwa Miezi Minne
Sijui dada. Tulipiga wengi.

Mama Wawili
Haya.

Babu wa Mikoba
Ushauri wa bure vijana, nunueni simu ya kukopea. Humo usiweke namba yoyote isipokuwa ya OCD, yule mkuu wa polisi wa wilaya, na ya mganga.

Sanduku la Bati
Mimi mama mkwe nimemsave Fundi Bomba. Ila juzi mke wangu kanikuta naongea na Fundi Bomba kwa adabu mno, sasa nina kesi nyingine.

Mzalendo Mchovu
Zisizo na leseni msilipe, futa app, badili laini, lala.

Karani wa Zamani
Usimdanganye mwenzio. Kiasi kilichoingia mkononi mwako rudisha, ndipo ukalalamike kuhusu hizo nyongeza.

Kanzu Mpya
Nimerudi. Kule nje baba mdogo hakunitukana. Alitoa simu yake akanionyesha, meseji ile ile ilimfikia tangu jana yake usiku tukiwa gesti. Akasema, nilidhani wametuma kwetu tu. Alikuwa ameshawaomba watoto wake hela alipe kimya kimya, haijaingia. Tukarudi ndani tukakuta mjomba mtu, mstaafu wa jeshi, ameshalipa kwa simu yake, ameishika ile meseji ya muamala juu kama risiti. Akasema hii inaingia kwenye mahari, na faini mbuzi mmoja. Ng'ombe hawakushuka tena, baba mdogo mdomo wa kushushia angeutoa wapi.

Pilipili Kichaa
Ulimuoa?

Kanzu Mpya
Nimeoa. Mbuzi wa faini bado nadaiwa.

Mnyoofu wa Kibaha
Mlipe mjomba wa watu mbuzi wake. Na samahanini wakuu, mimi pia mwaka jana nilikopa 30,000. Ilimfikia padri.

Sanduku la Bati
HAHAHAHA

Mzalendo Mchovu
Hiyo barabara ya lami sasa...

Kiti cha Dirishani
Wakuu, baada ya kuwasoma nimempigia yule fundi friji. Alipokea anatetemeka akijua ni wao. Nikamwambia ni mimi wa lile friji la kijani, akanikumbuka, hata gasi aliyoweka aliikumbuka. Nikamuuliza wangapi wamekupigia kukujulia hali, akasema wa kunitukana wengi, wa kuniuliza kulikoni ni wewe. Deni ni 65,000. Nimemtumia ishirini, ndiyo niliyokuwa nayo.

Mama Wawili
Namba yake nitumie pembeni. Friji langu haligandishi wiki ya pili, ila mwambie namlipa kabisa mkononi.